Mjomba Mpya wa Kaka Yangu

Tarehe kumi na moja Septemba, saa nne asubuhi, mjomba wetu alifariki nyumbani kwake Newala, na sahihi yake ikaenda naye. Nataja sahihi kwa sababu ndiyo niliyoifikiria kwanza. Machozi yalikuja baadaye, pale gari la kwenda msibani lilipoanza kupanda mlima wa Newala. Sitaki kujifanya nilikuwa bora kuliko nilivyokuwa.

Sahihi hiyo ilikuwa ya kumtoa kaka yangu gerezani kwa parole. Kaka alifungwa miaka saba kwa kuvunja ghala la kijiji chetu, huku Lisekese, na kuiba mifuko ya salfa, ile dawa ya unga wa njano tunayopulizia mikorosho. Hakuna aliyehangaika kumtafuta mwizi. Mfuko mmoja ulimpasukia kichwani, na polisi walipofika walimkuta uani anakunywa uji, nyusi za njano, masikio ya njano, akawauliza kuna nini. Alikosa, na msimu ule watu walivuna kidogo kwa sababu yake. Hilo nalisema kila mahali kabla sijamwombea.

Parole ni kwamba mfungwa mwenye mwenendo mzuri anamalizia sehemu ya kifungo chake nyumbani, chini ya mtu wa kumwangalia, na mtu huyo lazima aweke sahihi. Kwetu, mwenye mtoto ni kaka wa mama yake. Baba anazaa, anapenda, anasomesha, lakini jambo likiwa zito anaitwa mjomba. Wetu alikuwa ameshakubali. Afisa wa uangalizi angekuja na fomu mwezi uliofuata. Mjomba hakumsubiri.

Msibani watani walikuwa na habari zote. Mmoja wao, fundi baiskeli mnene, aliruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza, akalala chali na kukunja mikono kifuani.

"Toka, mtani," padri alimwambia.

"Sitoki. Mwenendo wangu humu ni mzuri, ila kikao cha parole hakijakaa."

"Toka tumzike mwenzako."

"Nitatokaje? Aliyekuwa aniwekee sahihi ndiye huyo mliyembeba!"

Mama, aliyelia tangu asubuhi, alicheka huku ameziba mdomo kwa khanga. Nami nilicheka, halafu nikaona kwamba tangu msiba uanze, ni yule mtani peke yake aliyelieleza tatizo letu sawasawa.

Siku ya arobaini wazee walikaa kumchagua wa kurithi jina. Anayerithi jina la mjomba ndiye mjomba: wapwa wake ni wapwa wako, kesi zake ni kesi zako. Nafasi ile ilikuwa ya kaka, mpwa mkubwa. Kila mtu alijua, na kila mtu akawa anatazama mkeka. Mwishowe bibi mdogo, yule aliyefuata kuzaliwa baada ya bibi yetu, akasema, "Mkubwa yuko ndani. Apewe huyu aliyepo."

Nikavishwa kofia ya marehemu. Alikuwa na kichwa kikubwa. Ilinishuka mpaka kwenye nyusi. Mama, ambaye marehemu alikuwa kaka yake, akanigeukia pale pale akasema, "Kaka, karibu chai."

"Ahsante, mama," nikajibu.

Wakasema nimeanza vibaya.

Afisa alifika kwangu Jumatano iliyofuata kwa pikipiki, kijana mpole, jalada limefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Namtafuta mjomba wa mfungwa."

"Ni mimi."

Akatazama karatasi. "Hapa pameandikwa mzee wa miaka sabini na mbili."

"Huyo amefariki. Sasa mjomba ni mimi."

"Poleni sana. Wewe ni mdogo wake marehemu?"

"Hapana, mpwa wake."

"Kwa hiyo mfungwa ni nani yako?"

"Kwa kuzaliwa ni kaka yangu. Kwa sasa ni mpwa wangu."

Alivua helmeti. "Mama yenu yupo? Labda yeye atanisaidia."

Mama alitoka jikoni anafuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapa ni kaka yangu," mama akasema, akininyooshea kidole, "na huyo aliye ndani ni mtoto wetu."

Afisa alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Ningeweza kusema mimi ni mjomba, basi, nikaweka sahihi. Mke wangu alinikonyeza mara mbili nisizidishe maneno. Lakini fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kuandika uhusiano, upana wa kidole, na chini yake palikuwa na maneno ya kuapa kwamba yote ni kweli. Nikamwomba aandike vyote viwili, kaka na mjomba. Akasema havitaenea. Jalada likaenda, likarudi, limeandikwa: uhusiano wa mlezi hauko wazi.

Nilikwenda kumwona kaka. Nilimweleza kupitia wavu wa wageni.

"Kwa hiyo jina wamekupa wewe," akasema.

"Wamenipa."

"Na kofia?"

"Na kofia."

Alikuwa amekonda, shingo ikicheza ndani ya kola. Huyu ndiye aliyewahi kunichapa kwa kuvunja manati yake.

"Kama unataka nikuamkie shikamoo," akasema, "acha nimalizie tu miaka yangu humu."

Askari aliyesimama karibu aliangua kicheko, kisha akasema muda umekwisha. Kaka aliondoka bila kucheka. Ndani ya basi nilijiambia huyu mtu, nisipomtoa mimi, hakuna mwingine.

Baadaye wakaja maafisa mjini Masasi kukusanya maoni ya wananchi kuhusu parole. Mimi ni wa darasa la saba. Walionitangulia walizungumza kuhusu haki na nchi za nje, wakapigiwa makofi. Nilisimama na kofia yangu, nikasema kaka yangu aliiba kweli, lakini nyumba ya kumpokea ipo, mikorosho ya kupalilia ipo, hata jirani aliyekosa salfa amesema arudi ila akae mbali na ghala. Kinachomzuia ni upana wa kidole.

Mama aliyeongoza kikao akauliza, "Sasa pendekezo lako ni nini, kwa kifupi?"

"Muongeze mistari miwili kwenye fomu. Mtu aeleze nani atamwangalia mfungwa, na kwa nini awe huyo."

"Miwili tu?"

"Kwetu itatosha. Newala wekeni mitatu."

Ukumbi mzima ulicheka. Sikuwa natania.

Sijui kama fomu imebadilishwa, mpya sijaiona. Ila yule afisa wa pikipiki alikuwa ukumbini, akanifuata nje. "Andika barua ueleze ukoo wenu, tuiambatanishe. Mistari mingi utakavyo." Kumbe hilo liliwezekana siku zote, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Niliandika kurasa tatu. Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri kila ukurasa.

Kaka aliachiwa mwezi wa tano. Barua yake ya kuachiwa ilisema asisafiri bila ruhusa ya mlezi. Siku mbili alikula, akalala, akazunguka nyumba. Ya tatu alinifuata shambani nikiwa napalilia.

"Nataka kwenda Newala, kaburini kwa mjomba."

"Nenda."

"Barua inasema niombe ruhusa."

"Si umeomba?"

"Sijaomba. Nimesema nataka."

Alitazama mikorosho, akatazama chini. Kisha akakunja magoti kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya mbele ya marehemu.

"Shikamoo, mjomba. Naomba ruhusa."

Niliegemea jembe. "Marahaba. Urudi kabla jua halijazama."

Jua lilikuwa kali, nikamwazima kofia. Ilimkaa sawasawa kabisa, na sote wawili tuliona. Alirudi saa kumi kasorobo, akaitundika kwenye msumari wangu.