Mwanamke Aliyekatwa Mguu

Dada yangu mkubwa ana sukari. Mwaka juzi alitokwa na kidonda kisiginoni kikakataa kufunga. Miezi mitano tulikwenda hospitali, tukabadilisha bandeji, tukarudi kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, na alfajiri yake yuko kwenye karai la mahamri ya kuuza, mguu kauweka juu ya kigoda.

Siku moja daktari akamwambia kuna utafiti wa dawa mpya ya kupaka vidonda vya sukari, akitaka aweza kuingia. Akampa fomu ya kurasa nane aisome nyumbani kwanza. Dada akanipa mimi. "Wewe ndiwe msomi. Nitazamie."

Sikuisoma. Niliona neno "majaribio" ukurasa wa kwanza, nikaikunja. Badala ya kufungua ukurasa wa pili, nikamwandikia binamu yangu wa Majengo: "Dada atakiwa kujaribiwa dawa mguuni. Naogopa wasije wakamkata. Umesikia lolote?" Hakunijibu.

Siku ya tatu shangazi akatuma kwenye kundi la ukoo ujumbe wa sauti aliotumiwa na watu. Aliyesema humo ni mwanamke nisiyemjua, sauti yamtetemeka: "Jamani, tahadharini. Hospitali wajaribia watu dawa za vidonda. Kuna mwanamke wa Mji wa Kale, muuza mahamri, kapakwa kisiginoni, na sasa mguu ushakatwa. Waambieni wenzenu."

Nikamshukuru Mungu kwamba tumejua mapema, kisha nikamwendea dada jikoni nimsikilizishe.

Alisikiliza, akaniambia nirudie. Halafu akazima moto.

"Muuza mahamri, Mji wa Kale, kidonda kisiginoni," akasema. "Ni nani huyo kama si mimi?"

"Si wewe. Huyo kakatwa mguu."

"Basi nitajie jina lake. Hapa twajuana sote."

Ndipo nikaukumbuka ujumbe wangu mwenyewe. Nikampigia binamu palepale. Kumbe alikuwa amemuuliza jirani yake. "Mimi nilisema tu kwamba waogopa watamkata," akajitetea. Jirani alimwambia nani, hajui. Mwoga aliyeanzisha habari ile nilikuwa mimi, na niliiamini kwa sababu ilinirudia kwa sauti ya mtu mwingine.

"Sasa nisomee karatasi yangu," dada akasema.

Tuliisoma yote, neno kwa neno. Iliandikwa kwamba aweza kujitoa siku yoyote na matibabu yake ya kawaida yasikatizwe. Ukurasa wa sita ulikuwa na nambari ya usajili wa utafiti, na simu ya kamati inayousimamia, ambayo si ya daktari wala ya watengenezaji dawa. Nikapiga, dada akisikiliza. Mama mmoja akapokea, akanitaka nimsomee nambari ile, akaitafuta, akasema utafiti huo upo na umeidhinishwa.

"Kuna aliyekatwa mguu?" nikamuuliza.

"Madhara yote huripotiwa kwetu, na hilo halijaripotiwa. Lakini siwezi kukuahidi kwamba dawa itamponya. Tungekuwa twajua, kusingekuwa na haja ya utafiti."

Jibu hilo ndilo lililomtuliza dada. Akatia sahihi mwenyewe.

Nililiandikia kundi zima ukweli wa mambo. Wakajibu watu wawili. Mwezi uliofuata nilikwenda mtaa wa Buxton kumwamkua rafiki aliyejifungua, na mgeni mmoja pale akaanza kutusimulia habari za yule muuza mahamri. "Maskini," akasema, "nasikia keshakufa."

Chai ilinipalia. "Yu hai! Ni dada yangu, asubuhi hii nimemwacha akikanda unga!"

Akanishika mkono, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mfiwa aliyekataa kusadiki.

Kidonda cha dada kilifunga baada ya wiki kumi na moja. Wagonjwa wengine walipakwa dawa mpya na wengine ile ya zamani, na mpaka leo hatujaambiwa yeye alipata ipi.