Posa ya Kocha Mpya

Siku Baba alipofukuzwa ukocha, nilikuwa kwenye baraza la duka nilikoweka cherehani yangu, nashona namba mgongoni mwa jezi. Walioniletea habari walikuwa wanaume wawili wanaobishana. Mmoja, fundi baiskeli, alisema Mzee ameonewa. Wa pili, aliyekuwa karani wa ushirika kabla ya kupunguzwa kazi, alisema walichelewa kumfukuza. Niliwauliza nani amechukua nafasi yake. Fundi baiskeli akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Karani ndiye aliyepata ujasiri wa kusema.

"Mwalimu," alisema.

Nikajichoma sindano kidoleni. Mwalimu huyo alikuwa ameleta posa nyumbani kwetu mwezi uliotangulia, na Baba alikuwa bado hajajibu. Nilimtaka yule mwanamume, sikuwa na wasiwasi wowote juu ya hilo, na sasa timu ya mpira ilikuwa imekuja kukaa katikati yetu.

Kijiji chetu kipo upande wa Mbuji, mahali ambapo uwanja tambarare haupatikani mpaka uuchimbe. Timu ilikuwa ya ushirika tangu nikiwa mdogo. Ushirika ulinunua mpira, ushirika ulitoa lori, na Baba alitoa sauti yake. Kisha likaja soko huria. Ushirika ukalegea, wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na magari yao, na mmoja wao akaamua kwamba atakayevisha timu jezi ndiye wakulima watakayemkumbuka wakati wa mavuno. Jezi zenyewe zilikuwa za mitumba, zina maandishi ya Ulaya kifuani. Ya golikipa ilitangaza kitu ambacho mpaka leo hatujui kama ni kinywaji au ni matairi. Lakini aliyetoa jezi alikuwa na kauli kuhusu kocha, na baada ya yaliyotokea Mbamba Bay, hakuna aliyeweza kumbishia kwa nguvu.

Ili uelewe yaliyotokea huko, lazima ujue jinsi Baba alivyofundisha. Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza shambani kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa viboksi viboksi. Wanawake wanafuata na majembe, wanachimba katikati ya kila kiboksi na kuyafunika majani kwa udongo, linabaki shimo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia kila shimo kwa sehemu yake, na mlima haumomonyoki. Baba aliona kwamba kitu kinachozuia mvua ya Umatengo hakiwezi kushindwa kuzuia winga wa timu ya jirani. Akawa analaza majani uwanjani siku za mazoezi, anagawa uwanja kama shamba, na kumpa kila mchezaji shimo lake. Mpira ukiingia shimoni kwako, ni wako. Ukitoka, mwachie mwenzako.

Nyumbani mbinu hiyo ilifanya kazi sana. Hakuna timu iliyotufunga kwetu. Ni kweli pia kwamba sisi wenyewe tulifunga kwa nadra mno, na mechi zetu nyingi ziliisha suluhu, huku watazamaji wakizungumzia bei ya mbolea. Kuna shangazi yangu aliyekuwa anakuja uwanjani na ufumaji wake, na anasema mechi za Baba zimemtolea vitambaa vya makochi kwa ukoo mzima.

Mbamba Bay walituonyesha upande wa pili. Vijana wetu waliteremka hadi huko ziwani na lori la kahawa, wakapokelewa vizuri, wakapikiwa samaki aina ya mbasa na ugali wa muhogo, kisha wakaingia kwenye uwanja wa mchanga ulio sawa kama meza. Baba akachora mistari kwa fimbo. Vijana wa ziwani hawakujua kama hapo pamelimwa. Walipita kwenye mipaka ya mashimo, palepale kati ya mtu na mtu, na wetu wakabaki wamesimama kila mmoja kwake, waaminifu, wakingoja kufikiwa. Beki wetu wa kushoto aliutazama mpira ukipita karibu na kidole chake cha mguu hadi wavuni. Alipoulizwa, alijibu kwa uchungu wa mtu anayesingiziwa: "Haukuwa kwenye shimo langu."

Tulifungwa mabao mengi ambayo sitayataja, maana Baba, aliyeshikilia jibu la posa yangu, alikuwa palepale kwenye benchi ameshika tama.

Kwa hiyo baraza langu la cherehani likageuka bunge. Wanaume ambao hawakuwahi kujali tundu kwenye suruali zao walianza kuniletea suruali nzima nizikague, mradi wapate pa kukaa na kubishana mbele ya binti wa kocha.

"Nyumbani Mzee alifungwa lini?" fundi baiskeli angeanza.

"Na alishinda lini?" karani angejibu.

"Asiyefungwa ana aibu gani?"

"Hata nguzo ya goli haijawahi kufungwa, mbona hatuipi ukocha?"

Hapo wangecheka wote, pamoja na mimi, kwa sababu karani alikuwa na ulimi mtamu japo alikuwa anamsema baba yangu. Lakini mazungumzo yalikuwa yanateleza kila siku kuelekea kwa Mwalimu, na hapo kicheko changu kilikauka. Mwalimu alikuwa mtu wa kuja, ametoka Dodoma kwa uhamisho, mwembamba, anatembea haraka kama anayewahi kengele. Walimpima maarifa yake, walimpima miguu yake, wakauliza kama mtu aliyekulia nchi kavu na tambarare anaweza kujua mpira wa mteremko. Siku moja fundi baiskeli akasema bila kunitazama:

"Yaani Mzee anyang'anywe timu, kisha na binti aende hukohuko? Mimi nisingekubali."

Hakuna aliyembishia, hata karani. Niliikanyaga cherehani kwa nguvu, sindano ikakatika. Nilijua wanayosema barazani ndiyo yanayosemwa kwenye mashine za kumenya kahawa na baada ya misa, na Baba ana masikio.

Mwalimu alinifuata akaniuliza kama aikatae timu. Nilimwambia, "Ukiikataa ataletwa mwingine, na Baba atakuwa bado amefukuzwa." Akaenda nyumbani mwenyewe, mchana kweupe, kumweleza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu."

"Nimepewa timu. Nimeona niseme mwenyewe."

"Nimesikia," Baba alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Yule beki wa kushoto ana goti bovu. Usimpange upande wa mteremko."

Basi. Kuhusu posa, hata kukohoa hakukohoa.

Babu yangu alikuwa bado anashikilia sengu, ule utaratibu wetu wa wanaume wa ukoo kula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao na kuzungumza mambo yao. Familia nyingine zilikuwa zimeanza kuuacha, kila mtu anakula kwake na redio yake. Siku moja suala langu lililetwa pale juu ya ugali na maharage. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, tumenyamaza kuliko tulivyowahi kunyamaza. Baba mdogo alisema kumpa Mwalimu binti ni kumpongeza aliyekupindua. Mwingine akasema kumnyima ni kuonyesha kidonda. Wakamgeukia Baba. Baba akamaliza tonge lake, akanawa mikono, akasema kahawa imeiva na inahitaji kuchumwa, akaondoka. Mama alinitazama, akarudi kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Msimu ukaanza, na Mwalimu akafuta mashimo. Vijana walikimbia. Beki alipanda mbele, winga alirudi nyuma, watu waligongana wao kwa wao kwa furaha ya kuruhusiwa. Tulifunga mabao, tukafungwa, tukafunga zaidi. Shangazi aliacha ufumaji nyumbani. Karani alitembea kifua mbele utadhani miguu iliyofunga ni yake, na mnunuzi wa kahawa alipigiwa vigelegele kila alipoegesha gari.

Baba hakukanyaga uwanjani. Ila shamba letu la kahawa lipo juu ya uwanja, na siku za mechi alichagua kuchuma ile mistari inayotazama magoli. Miti ile ilichumwa kwa uangalifu ambao miti mingine haikuwahi kuuona. Nilimpelekea uji pale siku moja, nikamkuta ameshika tawi lisilo na punje hata moja, macho yapo bondeni.

Mshenga, ambaye alikuwa mwalimu mkuu, alirudi tena na tena. Baba alimkaribisha vizuri, wakazungumza mvua, wakazungumza kutu ya majani ya kahawa, mshenga akaondoka na ndizi. Nilianza kumchukia kidogo baba yangu. Niliona ananitoza mimi deni la mnunuzi. Wenzangu walikuwa wanaolewa, na mimi nilikuwa nashona magauni yao.

Kisha bahati ikageuka. Bei ya kahawa ilishuka, mnunuzi akawa mkali, na vijana waliokuwa wanakimbia mbele wakasahau kwamba nyuma kuna goli. Tukapoteza mechi za ugenini. Halafu wale wa ziwani wakapanda milima kuja kwetu, wanatetemeka kwa baridi, wamejifunga makoti, na wakatufunga kwetu. Kwetu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Siku iliyofuata Mwalimu akaambiwa asiendelee.

Wabishi wangu wawili walikuja barazani asubuhi ileile, kila mmoja na suruali yake.

"Nilisema tangu mwanzo, yule hana ulinzi," karani alisema, yeye aliyekuwa amemwimba msimu mzima.

"Enzi za Mzee nyumbani hatukufungwa," fundi baiskeli akadakia. "Sasa nasikia kuna mtu Songea, aliwahi kuchezea…"

Nikawarushia suruali zao. Niliwaambia waende wakazishone wenyewe kwa midomo, maana ndiyo mashine zao zenye nguvu. Waliondoka wanacheka, nami nikafunga cherehani. Sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba kama Baba hakumkubali akiwa kocha anayeshinda, leo akiwa kocha aliyefukuzwa itakuwaje.

Nyumbani nilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda nje, amenyoa ndevu, na si Jumapili. Mama alikuwa anakimbiza kuku. Aliniambia Baba ametuma mtu kwa mshenga, aje jioni hii na Mwalimu.

"Leo?" nilimuuliza Baba. "Kwa nini leo?"

Alijipangusa kidevu alichotoka kukinyoa.

"Alipokuwa na timu," alisema, "ningemkubali, wangesema namwogopa mnunuzi. Ningemkataa, wangesema nina wivu. Wewe ndiye ungeishi na maneno hayo, na watoto wako wangeyakuta. Leo yeye hana timu, na mimi sina. Hakuna anayeweza kusema chochote. Ni wanaume wawili tu wanaozungumza habari zako."

Msimu mzima nilidhani ananiadhibu. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni, na hakunibembeleza. Aliniambia niwahi kisimani nikachote maji ya kunawa, wageni wanakuja na mimi nimesimama tu.