Inchi Mbili za Kupanda Gembe

Majirani zangu wa Suna mnaonisimamisha barabarani kuniuliza mbona nimeinua gari halafu halijainuka sana, haya ndiyo maelezo yangu. Nimechoka kuyatoa kupitia dirishani.

Gari lenyewe mnalijua. Ni fowili ya zamani, ya kijivu, inayosukuma magurudumu yote manne. Si gari la kutembea mbugani. Kila siku ya kazi hubeba trei za mayai kutoka kwa wafugaji wa hapa Suna hadi hoteli za Migori, Awendo na Rongo, na jioni huwarudisha watoto nyumbani. Lilikuwa linanitosha kabisa, hadi siku liliponiaibisha kwa wakwe.

Mama mkwe wangu anaishi juu kwenye milima ya Gembe, karibu na Mbita. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Madaktari wa macho walipokuja hospitalini Homa Bay, tulimpatia zamu, nikaenda kumchukua. Chini ya boma lake kuna korongo. Tulipoteremka humo, tumbo la gari likakalia jiwe na magurudumu yakazunguka bure. Ikabidi kila mtu ashuke kwenye matope. Nilisukuma, nikachimba, gari likatoka. Lakini mama mkwe akakataa kupanda tena. Akageuka akarudi nyumbani kwa miguu, mkono begani mwa binti yake, mke wangu, na zamu yake ikampita.

Nilirudi Suna nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba mama ameliogopa korongo. Basi madaktari waliposema watarudi, na kwamba zamu yake mpya ni Jumatatu, niliamua gari liinuliwe kwa fundi na mama afike hospitalini, potelea mbali.

Jumapili asubuhi tuliondoka, mimi na mke wangu Beldina. Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi haikuwa na mjadala. Nyuma niliweka trei tatu za mayai, zawadi ya wakwe, pamoja na jembe na mtaimbo. Beldina aliviona vyuma vile akatabasamu.

"Unaenda kwa fundi ama unaenda kulima?"

"Naenda vitani," nikamwambia.

Hadi Rongo barabara ilikuwa tulivu, miwa huku na huku, watu wakienda kanisani na watoto wao waliopakwa mafuta. Njia nzima nilihubiri habari ya springi. Beldina alisikiliza kama mtu anayesubiri tangazo liishe ili taarifa ya habari iendelee.

Rodi Kopany tulisimama kununua ndizi, na pale sokoni nikaona gari la ndoto zangu. Lilikuwa limeinuliwa hadi ungeweza kulaza ng'ombe chini yake. Mwenyewe, mwanamume mnene mwenye kofia, alikuwa ananunua viazi. Nikamsalimu, nikamuuliza ni inchi ngapi.

"Nne," akasema kwa fahari. "Hii hakuna mahali inakataa. Lakini bibi yangu sasa anakataa. Anasema akiweka mguu wa kwanza leo, wa pili ni kesho."

Tukacheka sana. Kisha akashika mpini wa mlangoni, akajivuta, akakwama katikati, akajivuta tena. Mimi nilikuwa bado nacheka nilipogeuka nikaona Beldina hacheki. Alikuwa anaitazama ile ngazi ya gari kwa makini. Nikadhani ni jua.

Homa Bay, chini ya kilima cha Asego, ndipo ilipo karakana ya Ochola, fundi wa springi niliyeelekezwa na wafanyabiashara wenzangu. Naye ni Msabato, Jumapili kwake ni siku ya kazi kama Jumatano. Alilala chini ya gari langu, akagonga hapa na pale, akatoka akijipangusa mikono.

"Mzee, kuna njia tatu," akasema. "Ya kwanza naweka spesa tu, kipande ya chuma juu ya springi yako ya zamani. Hiyo ni ya haraka, lakini springi imechoka, itakaa tu. Ya pili ni springi mpya na shoki mpya za kuzuia kudundadunda, inchi mbili. Ya tatu ni inchi nne, na hapo lazima tuguse vitu mingi, sababu shafti ya kusukuma magurudumu itakaa na pembe mbaya. Na kwa kona utaenda polepole. Itainama."

"Na mayai?"

"Mayai gani?"

Nikamweleza kazi yangu. Akacheka.

"Kwa mayai, mbili. Springi laini. Kwa korongo, nne. Sasa wewe ndio ujue unabeba nini."

Nilitembea kulizunguka gari. Nilikumbuka ule mgongo wa mama mkwe ukiondoka kwenye matope. Mayai ningeyafungia nyasi. Kona ningezipiga polepole.

"Weka nne," nikasema.

Ochola akainama kuchukua spana. Hapo Beldina, aliyekuwa ameketi kwenye benchi muda wote akimenya ndizi bila kuila, akainuka.

"Baba Adhiambo, kuja hapa kidogo."

Tulisogea kando, karibu na rundo la matairi. Alinong'ona ingawa hapakuwa na mtu wa kutusikia.

"Mama hakuogopa korongo."

"Aliogopa nini basi?"

"Alikuonea haya wewe."

Sikuelewa. Akatazama chini, akaniambia kwa haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Siku ile, pale korongoni, gari lilikuwa limesimama upande, mlango uko juu. Ili mama apande, ilibidi ashike rinda lake alivute hadi juu ya goti, na mimi nilikuwa nimesimama palepale, mikono nimenyoosha, nikisema karibu mama, karibu, nitakushikilia. Nikidhani ninasaidia!

Wasiotujua nitawaeleza. Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Siketi kwenye kiti chake, yeye hali chakula mbele yangu, na silali bomani kwake hata mvua inyeshe mawe. Sasa mtu wa namna hiyo nilikuwa nimemtaka avute rinda mbele yangu, kisha nimshike kiuno. Afadhali apofuke. Na hilo ndilo alilokuwa amelichagua, akarudi nyumbani kimya bila kunilaumu.

"Mbona hukuniambia mwezi mzima huu?"

"Ningekuambiaje?" Beldina akasema. "Ni mguu wa mama yangu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Na nilikuwa nimebakiza dakika moja tu nilipie kosa lilelile liongezwe inchi nne. Nikarudi mbio karakanani.

"Ochola, ngoja! Weka hiyo spana chini."

Kazi tuliyoifanya baada ya hapo sijawahi kuona ikifanywa kwenye karakana yoyote. Tulimwambia Ochola kuna mama mzee wa kupanda, hatukusema zaidi, naye hakuuliza, maana ana mama mkwe pia. Beldina alisema mama yake huzipanda ngazi za kanisa lao bila kushika rinda, na kila ngazi inafika hapa. Akagusa mguu wake, chini kidogo ya goti. Ochola akaliinua gari kwa jeki, kidogo kidogo, akiweka mbao chini ya magurudumu. Beldina alijifunga leso kiunoni, akaibana kwa chini iwe nyembamba kama rinda la mama yake, akapanda. Akashuka. Gari likainuliwa tena kidogo, akapanda tena. Mimi na Ochola, bila kuambiana, tulikuwa tumegeukia ukutani.

"Hapa bado," tukamsikia. "Hapa bado. Hapa, la, hapa napasuka."

Ikawa inchi mbili. Tena mbili zenyewe zilihitaji ubao wa chuma wa kukanyagia, ambao Ochola aliuchomelea juu, umebanwa karibu na mwili wa gari ili usiguse mawe.

"Na hiyo jiwe ya korongo?" akaniuliza. "Mimi sijaiona. Mbili inaweza pita, inaweza kataa."

"Litakaloishinda springi litamalizwa na mtaimbo," nikamwambia, na nilimaanisha.

Jioni gari lilikuwa tayari, magurudumu yamenyooshwa. Ukilitazama kwa mbali huoni tofauti. Nilikiri moyoni kwamba iliniuma kidogo. Mtu ametoka Migori hadi Homa Bay kuinua gari, na hata mwenye duka la jirani hajui kama limeinuka!

Mbita tulifika jua likizama. Beldina alichukua pikipiki akapanda Gembe kulala kwa mama yake. Mimi nililala mjini kwenye nyumba ya wageni, kama mkwe anavyostahili. Kabla ya kulala niliyakagua mayai. Moja tu lilikuwa limepasuka, na hilo nililipasua mwenyewe kwa kiwiko nikifunga mlango.

Jumatatu alfajiri nilipanda peke yangu. Nilisimama ukingoni mwa korongo nikalitazama lile jiwe, nalo likanitazama. Nikaingia taratibu. Gari likateremka, likagusa, nikasikia chuma kikikwaruza jiwe, nikasimama. Inchi nne zingepita. Nilirudi nyuma, nikavua koti nililovaa kwa ajili ya hospitali, nikashuka na mtaimbo. Jiwe halikung'oka, mizizi yake iko labda Tanzania. Basi nikaanza kulijazia pembeni, nikibeba mawe kutoka ukingoni, nikiyapanga, nikiyagonga yakae. Jasho lilinitoka kama mtu anayefukuzwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kisimani alisimama.

"Unajenga nyumba hapa chini?"

"Najenga njia ya mkwe," nikamjibu.

Akatua ndoo yake, akanisogezea mawe mawili makubwa kwa mguu, akaenda zake. Mara ya pili gari liliingia, likayumba, likapanda upande wa pili bila kugusa kitu.

Bomani nililiegesha gari sambamba na kibaraza, mlango wa nyuma ukielekea nyumbani. Nikamkabidhi Beldina mayai. Kisha nikaenda hadi kwenye ghala la mahindi, nikaligeukia, na nikaanza kuchunguza nyasi za paa lake kana kwamba nataka kulinunua. Nilisikia mkongojo ukigonga ardhi. Ukasimama. Nilisikia mkono ukipapasa mlango, kiatu kikitafuta ubao. Kama hapa angerudi nyumbani tena, sikuwa na mpango mwingine, na lile jicho lisingesubiri.

"Ber," mama mkwe akasema, yaani ni vyema, na mlango ukafungwa.

Tuliteremka polepole, mama nyuma na binti yake, mimi mbele na midomo yangu imefungwa. Gari liliyumba kwa upole, springi zikaitikia, tukaendelea. Baada ya muda mama akamuuliza Beldina kama tumekaribia korongo.

"Hiyo tumeshapita, mama."

Kwenye kioo niliona mkono wake ukikiachilia kiti alichokuwa amekishika.

Homa Bay zamu yake haikumpita. Wakamfanyia upasuaji wa jicho la kulia, wakalifunika, akalazwa. Beldina alilala naye wodini, mimi nikalala kwa Ochola, ambaye usiku kucha alitaka kujua kama shoki zinapiga kelele. Kesho yake daktari alifungua kitambaa. Mimi nilikuwa nje nikisubiri, lakini nilimsikia Beldina akicheka na kulia kwa wakati mmoja, nikajua.

Njia ya kurudi Gembe, mama mkwe hakunyamaza. Aliyasoma mabango yote kwa sauti, hata yale ya vinyozi. Tulipofika korongoni akaona mawe niliyoyapanga, akauliza ni serikali gani imekumbuka mahali hapa. Beldina akamwambia ni nani.

Nilisimamisha gari mahali pale pale, sambamba na kibaraza. Nikashuka nikaenda zangu kwenye ghala, nikayageukia mahindi. Nilisikia mlango ukifunguliwa, ubao ukilia, kiatu kikigusa chini. Mkongojo sikuusikia.

"Wuon Adhiambo," mama mkwe akaniita, yaani baba yake Adhiambo. Katika miaka yote ya ndoa yangu alikuwa akinitumia salamu kupitia kwa binti yake. "Geuka. Nimeshafika chini."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kando ya gari, rinda lake limenyooka hadi miguuni, ule ubao wa Ochola nyuma yake. Nafasi kati yetu ilikuwa palepale inapotakiwa kuwa. Alinitazama kwa lile jicho jipya kutoka viatu hadi kichwani, bila haraka, kama mtu aliyelipia.

"Kumbe una mvi," akasema. "Huyu binti yangu hakuwahi kuniambia."