Meli Niliyoijenga kwa Karatasi za Mama

Kuna Alhamisi moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yangu hupata moto kana kwamba nimezabwa kofi sasa hivi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina cheti kilichofungwa kwa nailoni chini ya godoro, na juu ya godoro hilo nina meli ya vita.

Usicheke. Au cheka kwanza umalize, kisha unisikilize.

Ilikuwa miaka ya tisini, na tulikaa mtaa wa Majengo, mimi na mama yangu, chumba kimoja tulichokigawanya kwa pazia. Baba alifariki nikiwa mdogo, akazikwa kwao Bungoma, na mama akabaki Nairobi akishona nguo katika soko la Gikomba. Watu walimwita Mama Wafula kwa sababu Wafula ni mimi. Alikuwa fundi hasa. Wanawake walitoka mpaka mtaa wa Baba Dogo kuja kushonewa naye, na ukimsikia mtu anamsifu ungedhani mama ana cherehani ya dhahabu, kumbe ni ile ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye kelele nyingi.

Sasa meli. Nilinunua jarida kuukuu la kigeni kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa manowari, kurasa nne nzima, imechorwa kutoka juu, ubavuni na mbele. Ajabu ni kwamba sikuwa nimeiona hata bahari! Maji mengi niliyoyajua ni ya ule mto unaopita nyuma ya Gikomba, na yale hata mbwa huyavuka shingo upande. Lakini mchoro ule uliniingia kichwani ukakataa kutoka. Nikaanza kuijenga kwa karatasi.

Mbavu zake nilizikata kwa maboksi ya mafuta ya kupikia. Ngozi yake ilikuwa karatasi juu ya karatasi, zimeshikanishwa kwa gundi ya unga wa ngano niliyoichemsha kwenye mkebe. Mizinga niliiviringisha kwenye spoku ya baiskeli, mmoja mmoja, nikaipanga mitatu mitatu. Madirisha ya duara niliyatoboa kwa msumari wa moto. Niliiwekea ngazi, boti za kuokolea watu, nanga, na kamba za uzi ambazo ungezitazama ukaapa kwamba kuna baharia atakuja kuzishika. Ilizidi kitanda kwa urefu. Miezi minne mimi nililala sakafuni ili meli ilale kitandani.

Vijana wa ploti, wapangaji wenzetu wa uani mmoja, walinitania. "Engineer, niaje? Hiyo meli itatokea mlango gani?" Na walikuwa na haki, maana mlango sikuwa nimeupima. Hiyo ni hadithi nyingine, tuiache.

Nilikuwa na sababu yangu. Kanisa letu lilikuwa limepanga maonyesho ya kazi za vijana siku ya Jumamosi, na mchungaji alikuwa ametangaza kwamba atakuja mgeni mwenye karakana, anayetafuta vijana wenye mikono mizuri. Nilijua moyoni kwamba mgeni yule akiiona meli yangu, Jumatatu nitaamka na kazi. Nilichoka kuitwa mtu wa kukaa tu.

Basi Jumatano asubuhi nikaishiwa karatasi. Ubavu mmoja ulitaka safu ya mwisho, karatasi ngumu. Nikatazama huku na huku, nikaona nyuma ya mlango.

Pale mama alitundika waya, na kwenye waya zilining'inia patani zake, yaani zile karatasi za kaki ambazo fundi huzikata kwa kipimo cha mtu, kisha akaziweka juu ya kitambaa na kukata. Alizitunza nyumbani kwa sababu Gikomba huungua, na ikiungua haichagui. Nilizitoa nikazigeuza. Mafundi wengine niliowajua huandika jina la mteja kwa kalamu, na kifua, na kiuno. Hizi hazikuwa na jina. Hazikuwa na nambari. Hata mkwaruzo wa penseli haukuwepo. Kulikuwa na pembe zilizokatwakatwa kidogo kwa mkasi, vitundu vya sindano, na vipande vya uzi vyenye mafundo, chekundu hapa, kijani pale. Nikajiambia, haya ni makapi, ni zile alizoziacha.

Kutoka kwetu hadi kwenye kibanda cha mama ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Dakika kumi, mwanangu! Ningeenda nikamuuliza na nikarudi kabla gundi haijapoa. Sikwenda. Nilichukua mkasi wake mwenyewe nikakata. Vipande vikubwa nikabandika ubavuni, vidogo nikaviringisha mizinga, na jioni nikapaka yote rangi ya kijivu. Mama alirudi amechoka, akala, akalala. Mlango ukiwa wazi huuoni ule waya, na tulipoufunga taa ilikuwa imeshazimwa.

Ndipo ikafika hiyo Alhamisi. Alasiri mama aliingia akiwa na wanawake watatu wa kwaya, wamebeba jora la kitambaa cha buluu. Mbele yao alikuwa Mama Rispa, kiongozi wa kwaya, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba kwenye kanisa kubwa Jumapili hiyo, na mama alikuwa ameahidi majoho kumi na mawili. Mafundi wenzake wawili walikuwa tayari kumsaidia. Waimbaji alikuwa amewapima mmoja mmoja kwa wiki nyingi, baada ya ibada, kwa sababu wengi wao walifanya kazi za nyumbani kwa watu, na ruhusa yao ni Jumapili tu. Kilichobaki ni kukata.

Mama akafunga mlango apate nafasi. Akanyoosha mkono kwenye waya bila kutazama. Mkono ukashika hewa.

"Wafula, karatasi zangu ziko wapi?"

Nami, mjinga wa Mungu, nikajibu nikiwa na tabasamu. "Zile kuukuu? Si hizo hapo ubavuni. Zimeifaa meli kweli kweli."

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikwenda kitandani, akaweka kiganja juu ya meli, akakipitisha taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Mama Rispa akasema, "Haki ya Mungu! Majoho yetu?" Wale wengine wawili wakabaki wamekumbatia kitambaa.

Hapo ningeomba msamaha, na mambo yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa. Niliona aibu mbele ya wageni, na aibu ikageuka ukali. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye cheti, "Sasa mama, ningejuaje? Hazikuwa na kitu! Si ungeandika majina tu? Mtu yeyote huandika majina!"

Mama Rispa, masikini, alitaka kusaidia. Alifungua mkoba wake, akatoa kalamu na daftari la kwaya, akamnyooshea mama. "Usijali, Mama Wafula. Tuanze upya na sisi tuliopo. Andika. Anza na mimi."

Mama aliitazama ile kalamu. Uani tezo ya jirani yetu Mzee Mutua iligonga, ko, ko, ko. Kisha mama akasema, bila kuinua macho, "Rudisha kalamu yako, Mama Rispa. Mimi sijui kuandika. Wala kusoma. Sikupelekwa shule hata siku moja."

Mwanangu, nilishtuka. Nilikaa sakafuni bila kutaka. Miaka ishirini nimelala chumba kimoja na mwanamke huyu, na sikujua! Mambo yote yakanirudia kwa pamoja yakinipiga. Barua za kutoka nyumbani: "Nisomee, Wafula, moshi umeniingia machoni." Ripoti za shule: "Mpelekee Mzee Mutua atie sahihi, walimu huheshimu mwanamume." Na kanisani, miaka yote ile, alishika kitabu cha nyimbo wazi mbele yake kama wenzake, kumbe kila wimbo, kila ubeti, alikuwa ameuhifadhi kichwani. Siri aliyoificha maisha yake yote, mimi niliyesomeshwa kwa cherehani yake nilimfanya aitoe mbele ya watu watatu, kwa sababu ya mizinga ya karatasi.

Wale wanawake hawakujua watazame wapi. Mama Rispa alifunga daftari, akamshika mama bega, akasema watamsubiri nje. Walipotoka ile tezo ilinyamaza, na mlangoni akasimama Mzee Mutua, jirani yetu Mkamba, mchonga vinyago, vumbi la mti mpaka kwenye nyusi. Kuta za ploti zile hazifichi neno. Hakumtazama mama, alinitazama mimi.

"Kijana," akasema, "wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hiki chako kimeundwa na nini?"

Niliinamisha macho kwenye meli.

"Mimi nikimaliza kifaru, naweka mkato mmoja chini ya mguu wa nyuma. Mnunuzi haujui. Lakini nimwagie vinyago vya watu kumi, nitachagua vyangu nikiwa nimefumba macho. Karatasi za mama yako zilikuwa zimeandikwa, Wafula. Wewe ndiye hukuweza kuzisoma. Na mdomo wa kuuliza ulikuwa nao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni huu." Akaelekeza tezo kwenye meli. "Na hayo uliyomwambia mama yako mbele za watu, hayo sina neno lake. Mungu akusaidie." Akaenda zake.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Nililia kama mtoto. Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Gundi ni ya unga?" Nikasema ndiyo. "Basi chemsha maji."

Nikajua anachotaka. Sitakudanganya kwamba sikuumia, niliumia. Miezi minne! Nilimwaga maji ya moto kwenye karai kubwa la kufulia, nikaikata ile meli vipande kwa mikono yangu, nikaitumbukiza. Rangi ilikuwa mbichi bado, ikayageuza maji kuwa machafu ya kijivu. Nikabandua safu kwa safu, polepole, na kila karatasi iliyotoka nzima nilimpa mama mkononi.

Na mama akasoma. Alifumba macho, akapitisha vidole kwenye ukingo, akagusa zile pembe, vile vitundu, yale mafundo yaliyolowa. "Huyu ni Dorka. Huyu ni yule msichana mwembamba anayefanya kazi Baba Dogo. Huyu amepungua tangu azae, nilimkata upya." Hakukosea hata mmoja. Nilikuwa nimeshika kipande cha ubavu wa manowari, naye ananiambia bega la mtu. Sijawahi kuona msomi wa namna hiyo, na nimeona maprofesa.

Nane zilipona. Nne zilikuwa zimekuwa mizinga, hazikurudi. Hizo alizikata kwa kukisia, na mafundi wenzake walishona naye hadi Jumamosi. Mojawapo ilikuwa ya Mama Rispa. Jumapili aliimba mikono imebanwa ubavuni, hawezi kuiinua, na hakulalamika. Mama alisimama mstari wa mbele wa waumini, bila kitabu. Alikiacha kwenye benchi, akaimba kila ubeti akiwa mikono mitupu, na kanisa zima likaona. Mgeni mwenye karakana alikuwa amekuja Jumamosi. Mimi sikuwa na kitu cha kumwonyesha, akachukua wengine.

Unadhani yameishia hapo? Sikiliza sasa, maana hili ndilo lililonifanya nikuite.

Mama alinisamehe. Aliniambia kwa kinywa chake usiku huo huo wa Alhamisi, na alikuwa mtu wa neno lake. Alinipikia, alinicheka, alinitafutia kazi ya kubeba marobota ya mitumba, alinichezea harusi yangu. Nilipomwambia nimfundishe kusoma, alisema, "Tutaona," akaendelea kukanyaga cherehani. Lakini tangu siku ile hadi tunamzika, miaka kumi na saba, hakuniambia tena, "Wafula, nisomee." Hata mara moja. Barua ikija aliiweka kwenye kanga, akatoka, akaenda kusomewa na binti wa Mzee Mutua. Nilikuwa nikimwona akipita na barua kifuani, nami nimekaa pale mlangoni na macho yangu mawili mazima. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Msamaha nilipewa. Lile jingine sikurudishiwa.

Basi nakuambia wazi, nisije nikaondoka hujanielewa. Kitu cha mtu usikiguse kabla hujamuuliza, hata kama ni karatasi chakavu nyuma ya mlango, hata kama ni mama yako. Usidhani aliyekusomesha anajua unachojua, wala usidhani hajui kitu. Na ukikosea mbele za watu, meza aibu yako mwenyewe, usimtupie mwingine aibebe, kwa maana hujui amebeba nini tayari.

Mungu aibariki mikono yako ipate kazi, tena kazi nzuri kuliko ya kuviringisha mizinga. Akupe ulimi unaojua kungoja. Na siku mama yako atakapokuletea karatasi akuambie macho yanamuuma, mwanangu, ipokee, umsomee polepole mpaka mwisho, na usimuulize neno.