Redio Sita za Kwendea Pweza

Komandanti alizipanga redio zangu sita juu ya meza yake, moja moja, kama mtu anayepanga samaki wa kuuza, kisha akaniuliza ni za nini.

"Za kwendea pweza," nikamjibu.

Askari aliyesimama mlangoni alicheka. Komandanti hakucheka. Alikuwa kijana wa kusini, amepangiwa kituo chetu hapa kwenye ghuba ya Tungue, na Kiswahili alikuwa akikiokota siku kwa siku. Akaniuliza tena kwa Kireno, taratibu. Nami nikamjibu vilevile, kwa Kireno changu cha darasa la tano, kwa maana hapo ndipo nilipoachia shule.

Redio zile, za kubonyeza na kusema, nilipewa na msimamizi wa kambi moja ya barabara huko bara, nilikokuwa nikipika. Kambi ilipofungwa alituambia kila mtu achague kitu. Wenzangu walichagua masufuria na magodoro. Mimi nikachagua redio, kwa sababu nilikuwa nimeziona zikifanya kazi kwa miezi na nilitaka kujua zinafanyaje. Ndivyo nilivyo. Nimekausha samaki Mucojo, nimelima mpunga wa watu Quiterajo, nimeshona magunia Mtwara, na kila mahali nimeondoka siku niliyoona sina jipya la kuuliza. Shangazi yangu husema mimi nilizaliwa njiani.

Safari hii nilirudi kwake nikamkuta amekasirika. Yeye ndiye anayewaongoza wanawake wa kwetu kwenda mwambani maji yakipwa, kutafuta pweza na chaza. Tangu vurugu zilipoanza, mwamba wa nje ulikuwa umefungwa. Komandanti alikuwa na sababu yake: akiwa kituoni haoni ni nani yuko kule, na mtu akipatwa na jambo hana njia ya kujua. Kwa hiyo wanawake wote walibanana kwenye mwamba wa ndani, nao ulikuwa umeshachokolewa mpaka ukabaki mawe matupu.

"Tunachokoa mashimo ya jana," shangazi aliniambia, akinionyesha kikapu chenye pweza mmoja wa ukubwa wa kiganja. "Huyu si kitoweo. Huyu ni mtoto wa watu."

Nikafungua sanduku langu, nikamwonyesha redio. Akaitazama, akanitazama. "Huna mume, huna shamba, una redio. Haya. Nenda nazo kwa komandanti mwenyewe, kabla mtu hajaenda kukuchongea."

Ndiyo maana nilikuwa pale mbele ya meza. Komandanti alinisikiliza hadi mwisho: kundi moja redio moja, mimi ufukweni na ya sita, yeye kituoni akitusikia sote kwa redio yake. Akasema, "Redio bila karatasi ninaichukua. Redio yenye karatasi ninaisikiliza. Lete karatasi."

Karatasi yenyewe ni rekerimentu, barua ya maombi kwa serikali, na ina adabu zake kama mgeni wa heshima: inataka pembe ya huku iachwe wazi, mstari wa huku usiguswe, na mkubwa aitwe mkubwa mara tatu. Karani wa ofisi ya wilaya, mama wa Zambezia mwenye miwani, alinirudishia mara ya kwanza kwa sababu ya pembe. Mara ya pili kwa sababu sikuandika nguvu ya redio. Mara ya tatu aliweka kidole kwenye fomu iliyokwenda pamoja na barua.

"Hapa wameuliza chaneli ya akiba. Umeacha wazi."

"Akiba ya nini, mama?"

"Mimi sijui, mwanangu. Fomu imeuliza, wewe jibu."

Siwezi kujaza kitu nisichokielewa. Nilirudi nyumbani, nikampa shangazi redio moja nikamwambia abonyeze asiachie. Mimi na redio mbili nikazunguka nyumba. Zote mbili zilikuwa bubu. Nilikuwa nikisema kwenye moja, na ile nyingine haikutoa chochote isipokuwa pumzi za shangazi na kuku wake. Nikaelewa: mtu mmoja akilala juu ya kitufe, wote mmefungwa midomo. Lazima pawe na mlango wa pili. Nilikwenda ofisini mbio, na karani aliposoma jibu langu alivua miwani akasema, "Kumbe!" Neno lile moja lilinifurahisha kuliko cheti chochote ambacho sikupata.

Maombi yalikwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, tukangoja. Yaliporudi, juu kabisa kwa wino wa bluu palikuwa na neno moja, *Deferido*, kumaanisha yamekubaliwa, na muhuri chini yake. Nililisoma njia nzima. Masharti yalikuwa wazi: chaneli hizi mbili tu na si nyingine, kila anayesema ajitaje kundi lake, maneno machache, mwenye shida apishwe kwanza.

Siku ya mazoezi tuliharibu kila kitu, kwa adabu.

Shangazi alikuwa kundi la tatu. Alibonyeza akasema, "Kundi la tatu tupo." Sasa shangazi ni mtu mzima, na kwetu sauti ya mtu mzima ikikufikia huwezi kuipita kama mbuzi. Kundi la kwanza likamwamkia, "Shikamoo, shangazi!" Akaitikia, "Marahaba, hamjambo?" Hawajambo. Na watoto? Hawajambo. Kundi la pili nalo lingenyamazaje? Wakaamkia. La nne na la tano wakaamkia kwa pamoja, hawakusikika, wakaamkia upya mmoja mmoja. Kisha shangazi akakumbuka kwamba yupo mgonjwa kwa jirani wa kundi la tano. Mimi ufukweni nilikuwa nikibonyeza na kupiga kelele kama mwendawazimu.

Jioni komandanti aliniita.

"Senhora, nimesikiliza kwa muda mrefu. Nimejifunza kusalimia vizuri sana. Ila sijui nani alikuwa wapi." Hapo akaacha utani. "Ninawapa bamvua hii moja, mwende mwamba wa nje. Ikiwa hivi tena, redio zinabaki hapa mezani, na mwamba unabaki umefungwa."

Asubuhi ya bamvua, siku maji yanapopwa mbali kuliko siku zote, yakiwa yanakimbia kwenda chini, shangazi alitupanga mchangani wanawake ishirini na wawili, pamoja na mimi. Akasema, "Salimianeni sasa. Salamu zote. Wagonjwa, watoto, mbuzi, malizeni." Tukasalimiana mpaka pakawa kimya.

"Salamu zimekwisha," akatangaza. "Kule hakuna mkubwa wala mdogo mpaka turudi."

"Hata wewe, shangazi?" mmoja akauliza.

"Hata mimi. Na atakayeniamkia redioni nitamchapa na pweza."

Wakaenda. Nilichomeka kijiti changu cha alama majini, nikakaa na redio. Saa nne makundi yote matano yalikuwa juu ya mwamba wa nje. "Kundi la pili tupo, tumepata watatu." "Kundi la tano tupo, pweza wakubwa kama viti!" Maneno machache kweli. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Kisha mvua ikaja kutoka kusini, nzito, ikafuta mwamba wote machoni pangu. Nilitazama kijiti: maji yalikuwa yamegeuka. Nikabonyeza kuwaita, nikaachia, na nilichosikia ni mtu akihema na kugombana na pweza. "Toka wewe! Mwanaharamu, toka!" Kama tulivyokuja kujua, mmoja wa kundi la nne alikuwa amefunga redio ndani ya kapulana, kanga aliyojifunga kiunoni, na kila alipoinama kitufe kilibanwa tumboni mwake. Hakuwa anaachia. Sote tulikuwa bubu, na maji yanapanda.

Nikageuza kwenda chaneli ya pili. Tulikuwa tumekubaliana kwamba ya kwanza ikizibwa wote tuhamie huko, lakini kukubaliana mchangani ni jambo moja na kukumbuka katikati ya mvua ni jingine. "Ufukweni hapa. Maji yamegeuka. Rudini. Kundi la kwanza?"

Nikaibana redio sikioni. Nikahesabu pumzi zangu.

"Kundi la kwanza tunarudi."

"La pili tunarudi."

"La tatu hapa," sauti ya shangazi, bila salamu, bila mapambo. "La nne siwaoni, ila wako kushoto kwangu, nasikia chuma chao cha kuchokolea kikigonga jiwe. Nawafuata. Wengine nyookeni."

"La tano tunarudi."

Mvua iliponyanyuka kidogo nilianza kuhesabu vichwa. Watano. Tisa. Kumi na tatu. Maji yalikuwa magotini mwao, kisha mapajani. Wanane walikuwa bado. Mwisho wakatokea, kundi la tatu na la nne wameshikana mikono mstari mmoja, shangazi mbele, na yule mgomvi wa pweza nyuma akiwa amemtundika pweza wake begani kama mtandio. Ishirini na mmoja, na mimi wa ishirini na mbili. Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikapasuka, nao wakanijibu wakiwa bado majini.

Walipokanyaga mchanga, redio mkononi mwangu ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya komandanti, kwenye chaneli ya pili. Kituo nacho kilikuwa kimetufuata huko.

"Kituo hapa. Shikamoo, shangazi."

Wote wakageuka kumtazama shangazi. Alikuwa akikamua kanga yake. Hakuishika redio. Akaniuliza, "Tumerudi wote?"

"Wote."

"Basi nipe." Akabonyeza. "Marahaba, mwanangu."

Komandanti akauliza, "Bamvua ijayo mnatoka saa ngapi?"