Mlango Unaokwama

Mzee Kitazume wa Onomichi aliijaza ghorofa ya juu ya nyumba yao ya mbao vitabu asivyovifungua na maboksi ya treni ndogo za kuunganisha, hata mikeka ya sakafuni ikawa haionekani. Katika chumba cha chini yake alilala mkewe, Fumie, na mlango wa kuteleza wa chumba hicho ulizidi kukwama. Kila ukikwama, mzee alichukua randa akaupunguza kwa juu.

"Unyevu wa masika huo. Mbao zimevimba."

"Masika gani mpaka kipupwe, baba? Mlango haukui huo. Dari ndiyo inashuka!"

"Acha uchuro, mama."

Sikio la kufa! Jana mchana, Fumie akiwa amejipumzisha, posta wakaleta boksi jingine. Mzee akalipandisha kwa furaha, akalibwaga juu ya mengine. Sakafu ikalia kama mfupa unaovunjika. Akashuka mbio. Mlango ulikuwa umebanwa, hausogei hata kidogo.

"Baba, fungua!" Fumie alikohoa mle ndani. "Vumbi linanimwagikia!"

"Ngoja, mama, usiogope!"

Akakimbilia randa.