Alipoitwa, Alikimbilia Njiani

"Wewe umesoma mpaka unabishana na mhubiri. Sasa sema, huyu mtoto iko na nini?" Niliulizwa hivyo miaka mingi iliyopita na mama mmoja wa Sosiot, akikamua ng'ombe bila kunigeukia. Juma lililopita tulimzika mama huyo.

Mtoto huyo, mama alimkuta kwenye barabara ya Soin, iteremkayo bondeni. Mwanamke mgeni kutoka upande wa ziwani alikuwa ameanguka kwa homa. Wapita njia wakambeba kwa machela hadi hospitali, akafia huko. Bintiye wa miaka kama minne alibaki kando ya njia. Mama wa Sosiot akamnywesha maziwa, akajigusa kifua na kutaja jina lake, kisha akamnyooshea mtoto kidole. Mtoto akajibu: "Abiro." Hapa mlimani hakuna aliyejua lugha yake, basi tukamwita hivyo.

Alilishwa, akavikwa, akapendwa. Lakini kila alipoitwa hakumwendea aliyemwita. Alikimbilia njiani, akasimama akitazama bondeni, kisha akarudi polepole na kukataa chakula. Mhubiri alisema ni ukaidi, mganga akasema ni mzimu. Mimi niliwacheka wote wawili. "Watoto husahau, mama. Mwite mara nyingi, atazoea."

"Hiyo ndiyo vitabu ilikufundisha?" jirani mmoja alinidhihaki. "Hata ndama tunaita mara nyingi."

Mama alinisikiliza mimi. Akamwita asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka minane. Binti alijifunza lugha yetu, ila juu ya siku ile hakusema neno, wala hatukumwuliza. Asubuhi moja alishika njia ya Soin, hakuonekana tena. Mama aliendelea kumwita langoni kila jioni, hadi ugonjwa ulipomlaza.

Wasomaji wangu, mashamba ya chai yanameza vilima, na barabara zinatuletea wageni wanaokufa kabla hatujawajua. Watoto wao tunawapa maziwa na blanketi, tukidhani kazi imekwisha. Mtoto aliyeng'olewa haponi kwa kushiba. Je, tungemwuliza, angepona? Sijui, na sitawadanganya. Najua tu kwamba hatukuuliza.

Siku tatu baada ya mazishi, karani mmoja wa kiwanda cha chai, mtu wa ziwani, alinisikia nikilitaja jina la binti yule, Abiro. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo si jina, ndugu yangu," alisema. "Ni neno la mama akimwacha mtoto kidogo. Maana yake, nakuja."